Siki Kwenye Sharubu za Langusti

Siku yangu ya kwanza kazini nilidanganya kabla sijafunga aproni. Ilikuwa mwaka 1990, katika hoteli moja ya Kiyovu, Kigali, ambako walikula wazungu wa miradi, wafanyabiashara na wakubwa wa serikali. Mkuu wa jikoni alikuwa Mbelgiji mnene mwenye mikono midogo. Nyuma yake tulimwita Shefu, mbele yake Patron. Kiswahili chake alikipata Bukavu, alikofanya kazi miaka mingi kabla ya kuja Kigali. Aliitazama kofia yangu nyeupe ya kufuma, akafurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Wewe iko Mswahili ya Biryogo?"

"Ndiyo, Patron."

"Babu yako ilitoka bahari?"

"Ndiyo, Patron. Bagamoyo."

"Bon. Basi unajua langusti."

"Najua sana, Patron."

Hapo ndipo nilipodanganya. Babu yangu kweli alifika Rwanda na wafanyabiashara wa nguo kutoka pwani, lakini mimi nilizaliwa Biryogo, mtaa wa Waislamu hapohapo Kigali, na safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda Butare kwenye harusi. Bahari sikuwahi kuiona hata kwenye kalenda. Ila Kigali ya wakati ule Mwislamu yeyote aliitwa Mswahili, na Mswahili alidhaniwa amezaliwa na chumvi mwilini. Wenzetu hawakuwa watu wa samaki. Wazee wengi wa Rwanda walikuwa hawamgusi kabisa. Kwa hiyo Shefu alipotafuta mtu wa kituo cha samaki, alitafuta kofia. Nikaajiriwa kwa ajili ya kofia.

Ninyi vijana wa chuo cha upishi mlionitembelea nyumbani mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Mlitaka sosi na visu, na nitawapa. Lakini mmoja wenu aliniuliza huku akicheka kama ni kweli langusti husikia maumivu, nami nikageuza maneno, nikaita chai. Yule binti alidhani sijui. Leo namjibu, na jibu lenyewe linanitia haya toka mwanzo mpaka mwisho.

Jiko letu liligawanywa vituo: nyama, sosi, vitamu, samaki, na jiko baridi, ambalo lilitengeneza saladi, mayonezi na kila sahani isiyopita motoni. Mimi nilianza kama komi, yaani mpishi anayejifunza chini ya mkuu wa kituo. Mkuu wangu alikuwa mzee kutoka Zaire, mkali, mwenye kukohoa juu ya kila kitu isipokuwa chakula. Alinifundisha kupara sangara, kutoa miiba ya tilapia kwa koleo, kunoa kisu kwa chuma bila kukitazama. Mwaka uliofuata alirudi kwao, na kituo kikabaki mikononi mwangu.

Langusti walikuja Ijumaa kwa ndege. Kwa wale ambao hamjamwona, langusti ni kamba-koche wa pwani, mkubwa kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko mpaka vidole, ana miiba mgongoni na sharubu mbili ndefu kuliko mwili wake. Walisafirishwa hai, wamefungwa katika magunia yaliyoloweshwa maji ya bahari. Ijumaa ya kwanza nilipofungua sanduku, mmoja aliinua sharubu akazielekeza usoni kwangu, nami nikaruka nyuma nikagonga rafu ya sufuria. Jiko zima likacheka. Aliyecheka zaidi alikuwa mkuu wa jiko baridi, Vestine, mama wa makamo kutoka Gahanga, mwenye ulimi mwepesi na mikono myepesi zaidi. Alinisogelea akaninong'oneza.

"Yewe, Saidi. Hiyo bahari yenu iko upande gani ya Nyabugogo?"

Nyabugogo ni bondeni, palepale mjini, penye mto wa matope. Nikajua amenigundua. Nikamwomba kwa macho. Akajipangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya aproni, akawageukia wengine akasema kwa sauti kwamba watu wa pwani huwa wanasalimiana na langusti hivyohivyo, kwa kuruka. Hakunitoa siri siku ile wala siku nyingine. Toka hapo nikamwita Dada Vestine, na sikumwita hivyo kwa adabu tu.

Sasa kazi yenyewe. Kuna namna mbili ambazo Shefu alizitaka. Ya kwanza ni kuchemsha. Unaandaa maji yenye chumvi, karoti, kitunguu, siki na majani ya thime, unayaacha yatokote kwelikweli, kisha unamtumbukiza langusti akiwa hai, kichwa mbele, unafunika na kukandamiza kifuniko. Unakandamiza kwa sababu mkia unapiga. Unapiga kwa nguvu, mfuniko unatetemeka chini ya kiganja chako, kisha unapungua, kisha unaacha. Ya pili ni kuchoma juu ya makaa, na hii ni mbaya zaidi. Unamlaza ubaoni akiwa hai, unashika sharubu, unaingiza kisu kati ya macho na kumpasua urefu wote mpaka mkiani. Unapaka siagi na kitunguu saumu. Ukiziweka nusu mbili kwenye wavu wa moto, miguu bado inakwenda.

Baba yangu alikuwa mchinjaji pale Biryogo. Toka utotoni alinifundisha kwamba kisu hakinolewi mbele ya mnyama, na mnyama hachinjwi mwenzake akitazama. Jioni moja aliniuliza, kwa upendo tu, hao wanyama wa bahari huwa nawachinja vipi. Nikamwambia ni kama samaki, ukiwatoa majini wanakufa wenyewe. Akaridhika, akamshukuru Mungu kwamba nimepata kazi safi. Mimi nikaangalia pembeni.

Na niliwala. Mpishi lazima aonje, Shefu hakutaka masihara katika hilo. Nyama yake ni nyeupe, tamu kidogo, inakatika vizuri mdomoni. Ningependa kuwaambia kwamba iliniganda kooni. Haikuniganda. Niliipenda, na nikawa natafuta sababu ya kuonja mara ya pili. Wenzangu waliniita mla wadudu, maana wao hata mabaki ya sahani za wageni walikuwa hawayagusi. Lakini angalieni ajabu yake: wale waliokataa kumla walikuwa hawamwonei huruma pia. Kwao alikuwa mdudu, na neno hilo lilimaliza maswali yote. Shefu naye alikuwa na lake. Sufuria ilipotoa mlio mwembamba, alisema, "Hii iko hewa tu, inatoka kwa gamba. Haisikii kitu." Labda ule mlio ulikuwa hewa kweli. Sibishani na mlio.

Kilichonitoa katika usingizi ule kilikuwa siki. Ijumaa moja Vestine alikuwa anakoroga siki na mafuta ya saladi kwenye meza iliyopakana na yangu, na langusti wangu walikuwa katika karai wakingoja maji yatokote. Bakuli likamteleza, matone yakaruka, na moja likamwangukia langusti mmoja kwenye sharubu. Langusti yule alishtuka. Kisha akaishusha ile sharubu, akaishika kwa miguu ya mbele na kuanza kuipangusa, polepole, kutoka shinani mpaka nchani, akarudia, akarudia tena. Akaenda kuisugua kwenye ukingo wa karai. Ile sharubu nyingine, isiyopata siki, hakuigusa. Wenzake walikuwa wametulia tu.

"Saidi, angalia," alisema Vestine. "Iko najipanguza."

"Naona."

"Pale tu siki ilianguka. Ngambo ingine hapana."

"Naona, Dada."

Vestine akalowesha kitambaa katika yale maji ya chumvi, akamfuta ile sharubu kwa upole, kama unavyomfuta mtoto tongotongo za macho. Langusti akaendelea kujisugua kidogo, halafu akaacha. Tukatazamana. Mkono wangu ulikuwa umeshika kifuniko cha sufuria.

"Mana yanjye," akasema, yaani Mungu wangu. "Sasa tunafanya nini?"

Siku ile nilimtia majini kama kawaida, kwa sababu wageni walikuwa wamekaa mezani. Lakini jioni nilimwendea Shefu nikamweleza namna nyingine: tuwazike kwanza katika barafu iliyopondwa mpaka wapoteze fahamu, kisha niwapige kisu kati ya macho mara moja, ndipo waende majini au motoni. Nikasema hivyo ndivyo wanavyofanya pwani. Nilibuni, lakini safari ile nilibuni kwa ajili ya jambo jema. Shefu alinitazama sana. Nadhani na yeye aliwahi kuona kitu fulani katika maisha yake akaamua hakukiona. Akasema, "Sawa. Lakini sahani haitachelewa." Kwa mwaka mzima na zaidi nilifanya hivyo. Vestine alikuwa akinitunzia barafu katika friji yake ya mayonezi, na akipita karibu aliuliza, "Wamelala?" Nikijibu wamelala, anakwenda zake. Huo ndio wakati pekee wa kazi yangu ninaoweza kuusimulia nikiwa nimeinua uso.

Mwaka 1993 mji ulikuwa umebadilika. Vita vilikuwa mipakani, umeme ulikuwa unakatika ovyo, na redioni na mikutanoni Watutsi walikuwa wanaitwa mende mchana kweupe. Vestine alikuwa Mtutsi. Alianza kuja kazini kwa njia ya kuzunguka, na utani wake ukapungua. Jikoni hakuna aliyemtukana. Hakuna pia aliyemuuliza kwa nini hacheki tena, na mimi nikiwamo.

Mchana mmoja Mkurugenzi wa hoteli aliandaa karamu kubwa ya wageni wake, na akawaahidi langusti wa kuchoma. Asubuhi ile umeme ulikatika. Jenereta iliwasha taa na friji za nyama, lakini mashine ya barafu ilikaa kimya, na barafu ya Vestine ilikuwa imegeuka maji. Masanduku yalikuwa mengi. Shefu, akitokwa jasho, akaamuru tuwapasue hivyohivyo, na kwa kuwa saladi zilikuwa tayari, akamwita Vestine anishikie sharubu wakati napasua.

Vestine alikuja mpaka kwenye ubao. Akamtazama yule wa kwanza, akaficha mikono nyuma.

"Patron, mimi sitaweza."

"Kwa nini?"

"Wanasikia, Patron. Tuliona na macho."

Hapo Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, amevaa suti, amekuja kuona kwa nini chakula kinachelewa. Shefu akageuka mwekundu. Mbele ya mkubwa wake, mfanyakazi wa saladi alikuwa anamfundisha kazi. Akanigeukia mimi.

"Saidi. Wewe iko mtu ya bahari. Sema hapa mbele ya Mkurugenzi. Hii inasikia ao haisikii?"

Vestine alinitazama bila wasiwasi. Hilo ndilo siwezi kulisahau, kwamba hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa ananingoja niseme tulichokiona, kama unavyongoja mtu akupe chenji yako dukani. Nilikuwa na mke, mtoto mchanga, na kazi niliyoipata kwa kofia. Kama ningesema inasikia, ningemuumbua Shefu. Kama ningesema sijui, ningejiumbua mimi.

"Haisikii, Patron," nikasema. "Ni mdudu tu."

Mkurugenzi akacheka kidogo. "Sasa huyu mama anatuchelewesha kwa nini?"

Macho ya Vestine yalibaki usoni kwangu kwa muda, yakawa ya mtu anayesoma kibao cha duka lililofungwa. Kisha akafungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kando ya mzani. Mimi nikashika kisu. Komi mmoja alinishikia sharubu, na nikapasua langusti wa masanduku yote, na wageni walikula, na Shefu akaniambia kazi nzuri.

Kesho yake Vestine alihamishiwa kufua mashuka, chini kabisa ya hoteli, ambako mvuke unakukaba na mikono inachubuka kwa sabuni. Mwanamke aliyekuwa na mayonezi bora Kigali nzima. Nilikuwa nikikutana naye kwenye mlango wa wafanyakazi. Alikuwa akinisalimu, "Mwaramutse," kwa adabu yote, kama anavyosalimiwa mlinzi asiyejulikana jina. Nilijiambia nitamweleza mambo yakitulia. Hayakutulia.

Habari ya Aprili 1994 sitaiandika hapa. Wengi wenu mmezaliwa baada yake lakini mnaijua, na walioipitia hawahitaji mpishi awakumbushe. Nitasema tu kwamba Biryogo tulificha watu. Nyumba yangu ilikuwa na chumba cha nyuma alimokuwa akilala marehemu bibi yangu, na humo waliingia waliokuja, majirani na nisiowajua, na wakipiga hodi wale wenye mapanga nilitoka nje na kuwaambia ndani kuna mke wangu na mtoto tu. Nilikuwa na uzoefu wa kudanganya, nao safari hii ulifaa. Wote waliokaa chumba kile walitoka hai. Kila hodi ilipopigwa nilifikiri labda ni Vestine. Aliijua nyumba, alikuwa amekula sikukuu kwangu zaidi ya mara moja. Hakuja.

Mwisho wa mwaka ule nilisikia yuko hai, nikamfuata Gahanga. Nilimkuta anapalilia maharage nyuma ya nyumba isiyo na paa. Amekonda, kichwa kimeota mvi. Alinipa kigoda, akanitafutia maji ya kunywa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini yeye alianza.

"Saidi, ile siku ya siki, uliona ao hukuona?"

"Niliona, Dada."

"Na Patron alipokuuliza?"

"Nilisema sikuona."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira, ni kama mtu aliyekuwa anahakikisha jambo. Akaendelea kung'oa majani huku anazungumza.

"Mwezi wa nne nilikuwa kwa dada yangu, kule Cyahafi. Walipoanza kuua kwenye ule mtaa, tukatoka. Tukapita Biryogo. Nyumba yako niliiona. Dada akasema, Vestine, si hapa kwa ule rafiki yako mpishi? Nikasema ni hapa. Akasema tuingie. Nikamwambia oya, hapana, tuendelee mpaka kwa masista."

"Kwa nini, Dada? Nilikuwa naficha watu. Wallahi, wote wako hai."

"Najua. Nimesikia, na nakushukuru kwa ajili yao." Akanyanyua uso. "Sikufikiri utatuua, Saidi. Nilifikiri wakikuja kukuuliza umetuona, utawatazama kwanza wanapenda jibu gani."

Nikamuuliza dada yake yuko wapi. Akanionyesha kwa kidevu njia ya kuelekea mjini, akasema hakufika kwa masista. Kisha akaniuliza kama mtoto wangu alipona kile kikohozi cha siku za hotelini.

Baada ya hapo nilipika katika shule moja ya bweni mpaka nikastaafu. Maharage, ugali, mchele, kabichi. Hoteli zilipofunguliwa tena zilinitafuta, mshahara mzuri, nikakataa. Wenzangu walisema nimezeeka kabla ya wakati. Langusti sijamgusa tena, si kwa kisu wala kwa mdomo. Lakini msinisifu kwa hilo. Kuacha chakula cha matajiri si kazi ngumu kwa mtu anayelipwa na shule.

Sasa namjibu yule binti. Kama langusti anasikia maumivu kama wewe, sijui. Hana sauti ya kutuambia, na wasomi wataendelea kubishana. Nilichokiona ni mnyama aliyechomwa na siki, akajipangusa palepale ilipomchoma, akatulia alipofutwa. Kama utaendelea kumpika, mlaze kwenye barafu kwanza, na sahani ichelewe. Kama utaacha kumpika, ni vizuri pia. Lakini siku utakapoulizwa umeona nini, na aliyeuliza amevaa suti, sema ulichokiona. Aliyesimama pembeni anakusikiliza, na ataitumia ile sauti yako kuamua mambo usiyoyajua.

Mtaani kwetu mimi naheshimiwa. Wale waliokaa chumba cha nyuma huja na watoto wao, siku hizi na wajukuu, wanawaambia, huyu ndiye babu ambaye mlango wake ulikuwa wazi. Watoto wananishika mkono. Mimi nawaitikia, nawapa peremende. Sijawahi kuwaambia kwamba siku zile kuna mwanamke aliyeuona mlango huu uko wazi, akiwa na dada yake, akapita.